Mizunguko Mitatu kwa Vidole

Boliti ile iliingia vizuri mizunguko mitatu. Naikumbuka hesabu kwa sababu nilifundishwa kuhesabu nikiwa na miaka tisa, nimechuchumaa kwenye gereji ya mjomba wangu Moshi, mikono imejaa grisi. Mzunguko wa nne ukawa mzito. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Badala yake nikachukua spana malaya, nikaubana mdomo wake kwenye kichwa cha boliti, nikavuta. Ikaenda nusu mzunguko, ikatoa mlio mwembamba kama wa mlango wa kabati la zamani, kisha ikawa nyepesi ghafla. Aliyewahi kushika spana anaujua wepesi huo. Maana yake uzi umekufa.

Gari lilikuwa MG TD ya mwaka 1952, gari dogo la wazi la viti viwili, mali ya mzee mmoja mstaafu anayeishi nje kidogo ya Coventry, Uingereza. Nilikuwa nimekuja mji huo kusoma shahada ya uzamili ya historia, na Jumamosi nilikuwa naenda bandani kwake kumsaidia. Nilimwambia nimekulia gereji. Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli aliniacha peke yangu na injini yake huku akienda kuchemsha chai.

Injini ile ilikuwa na miaka zaidi ya 70. Katika miaka hiyo yote shimo lile la ubavuni mwa bloku lilikuwa limebaki na uzi uleule liliotoka nao kiwandani. Mimi niliuua kwa dakika moja, kwa boliti niliyoiokota kwenye kopo kwa kuwa ilifanana na ile iliyotoka.

Mzee aliporudi na vikombe viwili hakufoka. Alichomoa boliti yangu, akaipangusa kwa kitambaa, akaisogeza dirishani na kuweka ile ya zamani pembeni yake. Kwa macho tu zilikuwa mapacha. Akatoa kipimo cha nyuzi, vile vibati vyembamba vyenye meno kama msumeno, akatafuta kibati kinachokaa sawa kwenye kila moja. Kwenye boliti ya gari kilikaa kibati cha milimita 1. Kwenye yangu kilikaa kibati kilichoandikwa 24, yaani nyuzi 24 kwa kila inchi.

Hesabu yake ni hii. Boliti yangu ilikuwa na unene wa inchi 5/16, sawa na milimita 7.94. Ya gari ilikuwa na milimita 8. Nyuzi 24 kwa inchi ni umbali wa milimita 1.058 kutoka uzi hadi uzi. Ya gari ni milimita 1 kamili. Kwa kila mzunguko tofauti ni ndogo kuliko unene wa karatasi, na ndiyo maana boliti inakubali mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mzunguko unaongeza karatasi nyingine. Baada ya mizunguko minane kosa limefika karibu nusu ya uzi mzima, ila huwezi kufika huko bila kulazimisha, na ukilazimisha kitu kimoja lazima kife.

Swali lililonikaa kichwani usiku ule halikuwa kwa nini nimekosea. Hilo nililijua. Swali lilikuwa: gari la Kiingereza la mwaka 1952, kutoka nchi iliyopima kila kitu kwa inchi, lilikuwa linafanya nini na uzi wa milimita?

*

Gereji ya mjomba ni mwembe, banda la mabati na shimo la kuingilia chini ya gari. Siku hizi anatengeneza Toyota zaidi, lakini utotoni mwangu bado zilikuwa zinakuja Land Rover za mashamba ya kahawa na za misheni, nyingine kuukuu kuliko yeye. Kazi yangu ilikuwa kopo. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, na ndani yake zilikaa boliti na nati zote zilizobaki kutoka kila gari lililowahi kufunguliwa chini ya mwembe ule. Mjomba hatupi boliti. Akihitaji moja ananituma kopo, nami nazimwaga kwenye gunia na kuanza kujaribu moja baada ya nyingine kwenye nati.

Sheria ilikuwa moja: mizunguko mitatu kwa vidole. Ikiingia mitatu bila kusukumwa, endelea kwa vidole mpaka vishindwe, ndipo ushike spana. Ikikataa kabla ya hapo, si yake, irudishe kwenye kopo. Mjomba hakuwahi kuniambia sababu, na mimi sikuuliza. Mtoto wa gereji anajifunza sheria kabla ya sababu.

Spana zake zilikuwa za aina mbili. Za kila siku zilikuwa na namba tunazozijua wote: 10, 12, 14, 17. Namba hizo ni upana wa kichwa cha boliti kwa milimita, na ukipima utakuta ni kweli. Lakini ndani ya sanduku la mbao kulikuwa na spana nyingine, nzito na nyeusi, zilizoandikwa mambo ya ajabu. Moja iliandikwa 1/4 W upande mmoja na 5/16 BS upande mwingine, kwa mdomo uleule mmoja. Nikiwa darasa la saba niliipima mdomo kwa rula. Robo inchi ni milimita 6.35. Mdomo ulikuwa umezidi milimita 13. Nikamwambia mjomba Waingereza hawakujua kupima. Akacheka mpaka akakohoa.

Spana hiyo ilikuwa na muhuri wa mshale mpana uliogongwa kwenye chuma, mistari mitatu inayokutana kama mguu wa kuku, na mwaka 1943. Aliipata kwa fundi aliyemfundisha kazi, mzee aliyekuwa dereva wa jeshi na kurudi kutoka vita vya Burma. Sisi watoto tuliiita spana ya mguu wa kuku. Nilikuja kujua baadaye kwamba mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na kwamba zana za jeshi zilizogongwa mshale huo zimetapakaa kila mahali jeshi hilo lilipopita. Katika banda la Coventry, juu ya meza ya yule mzee, ilikuwepo moja yenye mshale uleule.

*

Uzi wa boliti ni mteremko uliozungushwa kwenye fimbo. Ili boliti na nati zikubaliane, lazima zikubaliane mambo matatu: unene wa fimbo, umbali kati ya uzi na uzi, na pembe ya mfereji. Pembe hiyo hupimwa kwa digrii. Kiswahili cha darasani kingetaka niseme nyuzi, lakini nikiandika hapa kwamba nyuzi zina pembe ya nyuzi 55, hata mimi nitapotea.

Mwanzoni mwa karne ya 19 kila karakana Uingereza ilikata uzi wake. Boliti iliyotengenezwa mtaa mmoja haikuingia kwenye nati ya mtaa wa pili, na mashine ikiharibika ilibidi irudi kwa aliyeitengeneza. Joseph Whitworth, mzaliwa wa Stockport aliyewahi kufanya kazi London kwenye karakana ya Henry Maudslay, aliamua kukusanya skrubu kutoka karakana mbalimbali na kuzipima. Mwaka 1841 aliwasomea wahandisi wenzake London pendekezo lake. Hakubuni uzi ulio bora kuliko nyingine zote. Alichukua wastani wa zile zilizokuwepo: pembe ya digrii 55, ncha za uzi zikiwa zimeviringwa, na kwa kila unene idadi maalumu ya nyuzi kwa inchi. Boliti ya robo inchi, nyuzi 20. Ya nusu inchi, nyuzi 12. Kampuni za reli zikaupokea, na palipokwenda reli ukaenda na uzi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la rula yangu ya darasa la saba. Whitworth alitaja boliti kwa unene wa fimbo, na spana ikapewa jina la boliti yake. 1/4 W ni spana ya boliti yenye fimbo ya robo inchi, hata kama kichwa chake kina upana wa inchi 0.525. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ulipokuja uzi mwembamba zaidi unaoitwa BSF, uliofaa magari kwa kuwa haulegei upesi kwa mtikisiko, vichwa vyake vilikuwa vidogo kwa hatua moja. Kwa hiyo mdomo uleule ulishika robo ya Whitworth na 5/16 ya BSF. Waingereza walijua kupima. Ni kwamba walichopima sicho nilichodhani.

Wamarekani hawakuufuata. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza uzi wa digrii 60 wenye ncha bapa, akisema kwamba fundi wa kawaida anaweza kuukata bila zana za pekee. Bara la Ulaya nako Wafaransa walikuwa na uzi wa milimita, na mwaka 1898 mkutano wa Zurich ukapitisha uzi wa milimita wa kimataifa, nao wa digrii 60. Karne ya magari ilipoanza, dunia ilikuwa na mataifa matatu ya boliti.

Na mataifa hayo yalifanana vya kutosha kudanganyana. Boliti ya Whitworth ya robo inchi ina nyuzi 20. Ya Kimarekani ya robo inchi nayo ina nyuzi 20. Ya 5/16, zote 18. Ya 3/8, zote 16. Ukizijaribu zinaingia, ingawa pembe ni tofauti na zinagusana pembeni tu. Ukifika nusu inchi, Whitworth ni 12 na Marekani ni 13, na hapo mchezo umekwisha. Fundi aliyezoea kwamba zinaingiliana ndiye atakayevunja ya nusu inchi.

Gharama ya kufanana huko si boliti tu. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua. Zimamoto walikuja kwa treni kutoka Washington, kisha Philadelphia na New York, na mipira yao ya maji haikuweza kufungwa kwenye mabomba ya mji kwa sababu nyuzi za viungio zilitofautiana. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Maji yalikuwepo, watu walikuwepo.

*

Katika mtaa wa Gosford Street, Coventry, kuna jengo refu la matofali ambalo leo ni la chuo kikuu na lina jina la William Morris. Nililipita kila siku miezi minne kabla sijajua kwamba jibu la boliti yangu lilikuwa mle.

Hotchkiss ilikuwa kampuni ya silaha ya Ufaransa iliyoanzishwa na Mmarekani, Benjamin Hotchkiss, na kiwanda chake kilikuwa Saint-Denis, jirani na Paris. Wajerumani walipoisogelea Paris katika Vita Kuu ya Kwanza, kiwanda hicho kilikuwa hatarini. Mwaka 1915 kampuni ikafungua kiwanda kingine Coventry kutengeneza bunduki za rashasha. Mashine zilikuwa za Kifaransa, na mashine za Kifaransa zilikata uzi wa milimita.

Vita vikaisha. Kiwanda kilichojaa mashine nzuri kikakosa bunduki za kutengeneza. Wakati huohuo William Morris, mtengeneza baiskeli wa Oxford aliyegeukia magari, alikuwa na shida iliyo kinyume: alikuwa na magari lakini hana injini. Gari lake la bei nafuu lilitumia injini ya kampuni ya Continental ya Marekani, na injini hiyo ilikuwa imeacha kutengenezwa. Hotchkiss ya Coventry ikakubali kumnakilia. Magari yakauzwa sana, Morris akataka injini nyingi kuliko Wafaransa walivyokuwa tayari kutengeneza, na mwaka 1923 akanunua kiwanda kizima.

Alipokinunua alirithi mashine, na mashine zilirithi uzi. Kubadilisha nyuzi zote kungemaanisha kubadilisha zana zote. Hivyo injini za Morris zikaendelea kukatwa kwa milimita, ndani ya nchi ya inchi, kwenye gari ambalo fremu yake ilifungwa kwa BSF na vifaa vyake vya umeme kwa uzi mwingine kabisa uitwao BA, wenye pembe ya digrii 47 na nusu.

Lakini lilibaki tatizo la fundi. Fundi wa kijijini Uingereza miaka ya 1920 hakuwa na spana za milimita, na asingenunua seti nzima kwa ajili ya injini moja. Morris akalitatua kwa njia iliyonifanya nicheke peke yangu maktabani: boliti zikakatwa uzi wa milimita, lakini vichwa vikatengenezwa kwa vipimo vya Whitworth. Fundi anashika spana yake ileile ya 1/4 W, inakaa barabara, anafungua, anafunga, anaondoka. Anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kujua kwamba shingo chini ya kichwa hicho ni ya Kifaransa.

Mchoro wa Kimarekani, uzi wa Kifaransa, kichwa cha Kiingereza. Injini za MG TC, TD na TF, zenye sentimita za ujazo 1,250 na kuendelea, ziliendelea na mtindo huo mpaka katikati ya miaka ya 1950, hata uzalishaji ulipokuwa umehamia kiwanda kingine mjini humo. Mashine za bunduki zilizokimbia Wajerumani mwaka 1915 ndizo zilizoamua uzi wa gari la mwaka 1952.

Nimejaribu kuamua kama Morris alifanya wema au hila. Kwa mwenye kufungua na kufunga boliti ilezile, ulikuwa wema mtupu: alimwokolea fedha. Kwa mwenye kupoteza boliti moja na kutafuta nyingine, ulikuwa mtego. Kichwa kinasema mimi ni wa hapa. Fundi anakiamini, anakwenda dukani anarudi na BSF ya 5/16, yenye nyuzi 22, na bloku inalia. Tena hata leo, ukienda duka la boliti ukaomba ya milimita 8 utapewa yenye umbali wa milimita 1.25, maana ndiyo ya kawaida. Ya Morris ni milimita 1. Unaweza kuwa na kipimo sahihi cha unene, ukawa na mfumo sahihi, na bado ukaua uzi.

Lugha yangu nayo ina vichwa vya namna hiyo. Kamusi inaniambia skrubu huitwa pia parafujo. Nilidhani ni neno la wataalamu, mpaka nilipojua limetoka kwa Wareno, waliofika pwani yetu na meza, bendera na leso. Skrubu na nati ni za Waingereza. Tunayatamka yote kwa irabu zetu, tunayapa ngeli zetu, yanakaa barabara. Tofauti ni kwamba neno la mgeni halivunji sentensi.

*

Vita vya pili vilifanya mzaha huu usivumilike. Injini ya ndege ya Merlin, ya Rolls-Royce, ilitengenezwa pia Marekani na kampuni ya Packard, na Packard ililazimika kutumia nyuzi za Kiingereza na kujitengenezea zana za kuzikata, kwa sababu Marekani hazikuwepo. Afrika Kaskazini majeshi ya Uingereza yalipigana kwa vifaru na malori ya nchi mbili, na stoo zikalazimika kubeba boliti za nchi mbili. Wahandisi wa Uingereza, Marekani na Kanada wakakutana New York mwaka 1943, London 1944, Ottawa 1945, na tarehe 18 Novemba 1948 wakasaini makubaliano mjini Washington. Uzi mmoja wa inchi, digrii 60: UNC ule mpana, UNF ule mwembamba. Waingereza waliiacha pembe ya Whitworth baada ya miaka 107.

Karibu miezi saba kabla ya saini hiyo, tarehe 30 Aprili 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Ilizaliwa na nyuzi za zamani. Makubaliano yaliyosainiwa mezani siku moja yalichukua miaka mingi kufika kwenye gari: sehemu moja inabadilishwa mwaka huu, nyingine inabaki mpaka zana yake ichakae. Ndiyo maana kwenye Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 unaweza kukuta BSF na UNF kwenye gari moja. Ya robo inchi: BSF nyuzi 26, UNF 28. Ya 3/8: BSF 20, UNF 24. Magari hayohayo ndiyo yaliyoshuka Mombasa na Dar es Salaam na kupanda mpaka kwenye kahawa yetu.

Kisha Waingereza wakabadili tena. Mwaka 1965 taasisi yao ya viwango iliviambia viwanda vihesabu Whitworth, BSF na BA kuwa mambo yaliyopita, na chaguo la kwanza liwe milimita. Injini mpya za MG zilikuwa zimeacha milimita ya Kifaransa na kuhamia UNF muongo mmoja tu nyuma.

Katika vitabu, historia hii husimuliwa kama safari ya kutoka vurugu kwenda utaratibu. Kila hatua inaitwa muafaka. Mimi mwenyewe nilianza kuandika tasnifu yangu hivyo: 1841, 1898, 1948, 1965, ngazi inayopanda. Lakini kila muafaka uliosainiwa uliacha nyuma magari yaliyokwisha kutengenezwa, na magari hayo hayakuyeyuka. Yaliuzwa, yakauzwa tena, yakasafiri, yakaenda kufia mbali na meza iliposainiwa karatasi. Walioafikiana walipata uzi mmoja. Aliye mwisho wa safari alipata zote, pamoja, kwenye kopo moja.

Wala hayajaisha. Boliti ya milimita 8 ya Toyota ina kichwa cha 12, na ya gari la Kijerumani kichwa cha 13. Ya milimita 10 ya Kijapani ni 14 kwa umbali wa 1.25, ya Ulaya ni 17, na mara nyingi umbali wa 1.5. Mjomba anazo zote kichwani, na hakuna aliyemwalika Zurich wala Washington.

*

Jumapili ile nilimpigia simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mpwa wangu. Baridi inakuonea?”

Nikamwambia kilichotokea. Nikamweleza habari za Hotchkiss, Morris, vichwa vya Kiingereza na shingo za Kifaransa. Nilizungumza muda mrefu. Nadhani nilikuwa najitetea. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Iliingia mizunguko mingapi?”

“Mitatu. Wa nne ukawa mzito.”

“Kwa vidole?”

“Mitatu kwa vidole. Wa nne nikashika spana.”

“Spana gani?”

Nikanyamaza kidogo. “Malaya.”

Akaguna. “Basi boliti ilikwambia. Nani alikutuma ubishane nayo?”

Kisha akaniuliza kama mwenye gari ni mtu mzima. Nikasema ndiyo, ana miaka 81. Akasema, “Mwombe radhi tena. Ya kwanza ulikuwa na hofu, haihesabiki.”

Nilimuuliza mwenyewe alijuaje habari ya Land Rover, ile ya kuchanganyika. Akasema fundi wake alimwonyesha mwaka wa kwanza: chukua boliti ya zamani na mpya, zilaze ubavu kwa ubavu, meno kwa meno, uziinue kwenye mwanga. Zikishikana bila mwanya wa mwanga kupita, ni ndugu. Ukiona mwanga, ni majirani tu. Hakuhitaji kipimo wala namba. Ni kitu kilekile ambacho yule mzee wa Coventry alianza kukifanya dirishani kabla ya kuchukua vibati vyake.

Jumamosi iliyofuata niliomba radhi mara ya pili. Mzee akasema vizuri, sasa utalitengeneza wewe. Tulitoboa shimo liwe pana kidogo, mimi nikishika drili na yeye akitazama kama imesimama wima. Tukakata uzi mpya mkubwa kwa tapu, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kutoa vumbi la chuma. Kisha tukazungushia ndani waya mgumu uliosokotwa kama springi, ambao tumbo lake lina uzi wa milimita 8 kwa umbali wa 1. Shimo likarudi kuwa la Morris. Halionekani limeguswa, isipokuwa ukichungulia kwa tochi utaona mng'ao wa waya mahali ambapo mashimo mengine ni meusi. Yeyote atakayefungua injini ile baadaye atajua kwamba kuna mtu alikosea hapo.

Boliti ya zamani niliirudisha mwenyewe. Mmoja, miwili, mitatu. Nikaendelea kwa vidole mpaka mwisho.

Ile yangu ya nyuzi 24, iliyokatika meno ya mbele, mzee aliniruhusu niichukue. Nilirudi nayo Moshi Desemba ndani ya soksi. Mjomba aliipokea, akaipitisha ukucha kwenye meno, akasema “Hii ya Land Rover,” akaikata kwa msumeno ile sehemu iliyokufa, akapiga tupa ncha yake. Akatafuta nati kwenye sanduku la mbao, akaijaribu kwa vidole. Ikaingia mpaka mwisho. Akaitupia kwenye kopo.